Trekta la Shangazi Senga Kati ya Maji

Wewe uliyelala wiki nzima ukijiuliza kama trekta lilizama, pumua. Halikuzama. Ila lilikuwa mbioni.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye ekseli. Kwenye trela, watalii walikuwa wamepandisha miguu juu ya viti na kukumbatia mikoba yao. Mbele mchanga haukuonekana tena. Nyuma vilevile. Kushoto na kulia ilikuwa bahari tupu, nayo ilikuwa inakuja.

"Shangazi, rudi nyuma!" Ishbel, kiongozi wa matembezi, alipiga kelele.

"Nirudi wapi? Nyuma ndiko maji yanakotoka!"

"Basi nenda mbele!"

"Gurudumu limeshazama, binti. Ukitaka kwenda mbele, shuka usukume."

Shangazi Senga Rennie alizima injini, akafungua chupa yake ya chai, akajimiminia kikombe. Mama huyu ameendesha trekta kati ya mji wa Portgarrow na kisiwa cha Inchgarrow tangu Ishbel hajazaliwa. Maji yakipwa unavuka mchanga na watalii wako, unawaonyesha magofu ya ngome, mnakula, mnarudi kabla hayajajaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kulowa hata soksi. Leo bahari ilikuwa imemkosea adabu.

"Haya maji hayakutakiwa kuwa hapa saa hizi," alisema, akiyakodolea macho. "Nani kayaita?"

Na siku yenyewe, jamani! Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kugombea kibanda cha tiketi pale gatini. Kibanda kimoja, waombaji wawili: Ishbel na trekta la shangazi yake, Torquil Baird na mashua yake. Kila meli kubwa ya watalii inapotia nanga, abiria hushukia mlangoni pa kibanda hicho. Atakayekipata atakula. Atakayekikosa atabandika matangazo yake nyuma ya ghala la barafu la samaki, ambako hata shakwe hawaendi.

Kamati ya gati ilikuwa imemtuma mkaguzi wa siri aonje matembezi ya kila mmoja. Jioni hii, meli iliyokuwa imetia nanga ikipiga tu honi ya kuondoka, mwenyekiti Bwana Petrie angetangaza mshindi. Ishbel aliacha kazi ya benki kwa ajili ya ndoto hii. Akikosa kibanda, Jumatatu anarudi Glasgow kukaa nyuma ya kioo na kuwaambia watu salio lao halitoshi. Wazo hilo lilimtia baridi kuliko maji.

Tena alikuwa na hakika kwamba anamjua huyo mkaguzi. Ni yule bwana mwenye koti la njano, aliyekaa peke yake, asiyecheka, anayetazama kila kitu kama aliyekuja kununua. Tangu asubuhi Ishbel alikuwa amempa kiti cha mbele, blanketi, na skonzi mbili wakati wenzake walipewa moja moja.

"Samahani," sauti ikatoka nyuma ya trela. Ilikuwa ya Bi. Oakes, mama mfupi kutoka Leeds mwenye darubini shingoni. "Asubuhi nilikwambia maji yatakuja mapema kuliko unavyosema. Ukanijibu, 'Mama, bahari yetu tuachie wenyewe.'"

"Tutaongea baadaye, mama. Sasa hivi kila mtu analiona lile dungu?"

Wote waligeuza shingo. Katikati ya mchanga pamesimamishwa kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne mirefu, na ngazi upande mmoja. Kilijengwa kwa ajili ya wajinga wasiojua maji. Kila kiangazi mgeni mmoja au wawili hupandia humo wakiokoa roho zao, na mji mzima hutoka gatini kuwacheka. Mtu wa Portgarrow hajawahi kulikanyaga.

"Mimi siingii mle," Shangazi Senga alisema. "Afadhali nizame na heshima yangu."

"Shangazi, shuka!"

"Marehemu baba yako angeniona mle ndani..."

"Angekuwa wa kwanza kwenye ngazi. Shuka!"

Wakashuka. Maji yalifika magotini, baridi ya kukata. Bi. Oakes alitangulia, sketi mkononi. Ishbel naye, kwa kuwa akili ya mtu aliye taabuni haina breki, alimwendea yule wa koti la njano, akageuza mgongo na kuinama.

"Panda, bwana."

"Sijaomba kubebwa."

"Ni sehemu ya huduma."

"Wewe ni mdogo kuliko mimi, dada!"

"Panda kabla sijabadili bei!"

Akapanda. Ishbel akaenda naye akipepesuka, koti la njano likipepea, watalii wakipiga makofi kutoka kwenye ngazi. Njiani aliteleza mara moja, wote wawili wakakaa majini, wakainuka, na kwa mshangao wa kila mtu yule bwana akaangua kicheko. Ilikuwa sauti ya mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ishbel akajiambia, haya, hiyo ni alama moja.

Ndani ya dungu hapakuwa na nafasi ya kukuna pua. Magoti ya huyu yaligusa mbavu za yule. Kila mmoja alilowa, kila mmoja alitetemeka.

Kisha Shangazi Senga, aliyebanwa kati ya Bi. Oakes na ukuta, akatoa kifuko kikubwa kutoka chini ya koti lake. "Skonzi za jioni," alisema kwa hasira. "Na jemu. Sikukusudia zizame."

Hapo mambo yakabadilika. Vikombe vilikuwa viwili, vikazunguka. Kisu hakikuwapo, jemu ikapakwa kwa kadi ya simu ya mtu. Bi. Oakes akatoa kichupa cha wiski alichosema ni cha mafua. Mafua yakamshika kila mtu papo hapo. Mzee mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaudaka, wasioujua wakiwa na sauti kubwa kuliko wanaoujua, na dungu zima likaanza kuyumba.

"Msiruke!" Ishbel alisihi. "Imbeni, lakini msiruke!"

"Tazameni chini!" mtu akapiga yowe.

Sili walikuwa wamekuja. Wale wanyama wa bahari wenye macho ya mtoto mchanga na masharubu ya mzee, ambao Torquil huwalipisha watu pesa nyingi kuwaona kwa mbali kama madoa, walikuwa wameizunguka miguu ya dungu. Vichwa vilijaa majini, vyote vikitazama juu. Wimbo ukiisha, wanazama. Ukianza, wanarudi.

"Wanapenda kiitikio," Bi. Oakes alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Jamani, wanapenda kiitikio."

Ishbel aliona huu ndio wakati. Akajipenyeza hadi kwa koti la njano, akamwinamia sikioni. "Bwana, najua wewe ni nani."

Mtu yule akapauka. "Umejuaje?"

"Uso wako tu."

"Tafadhali, dada. Usimwambie mke wangu."

"Mke wako?"

"Anajua niko kwa daktari wa meno. Mama yake amekuja kukaa kwetu mwezi mzima. Nilihitaji siku moja tu." Akamshika mkono Ishbel. "Nimekuwa na hofu tangu asubuhi. Ulivyokuwa ukinihudumia, nikadhani amekutuma."

Ishbel akauchomoa mkono. Blanketi! Skonzi mbili! Mgongo wake mwenyewe! Kumbe alikuwa akimbembeleza mtoro wa mkwe. Basi mkaguzi ni nani?

Hakupata muda wa kufikiri. Injini ilisikika, na baada yake sauti iliyokuzwa ikatanda juu ya maji.

"Mabibi na mabwana, upande wa kulia mnawaona washindani wetu, wakiwa ndani ya kabati."

Torquil Baird alikuwa amesimama kwenye usukani wa mashua yake nyekundu, kipaza sauti mkononi, nywele zake nyekundu vilevile zikipigwa na upepo, meno yote nje. Huyu ndiye aliyemwalika Ishbel kwenye ngoma ya mwisho wa shule, kisha usiku kucha akacheza na binti wa mwokaji mikate. Ishbel alikuwa amemsamehe zamani. Ndivyo alivyokuwa akisema kila alipoulizwa, na hata asipoulizwa.

"Ishbel, mpenzi wa bahari! Leo mnauza nini humo? Maandazi ya kupanga juu ya rafu?"

"Torquil, nenda zako!"

"Niwaache wageni wangu wakose kivutio kama hiki? Piga picha, mama, piga. Mtu wa Portgarrow ndani ya dungu! Hii hata babu yangu hakuiona."

Lakini wageni wake hawakupiga picha. Ishbel alipotazama vizuri aliona wamejaa tope hadi mapajani. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Mwingine alisimama, akamkwapua Torquil kipaza sauti.

"Msimsikilize huyu! Tumekaa juu ya fungu la tope tangu asubuhi! Mashua imelala ubavu, sisi tumelala ubavu, chakula cha mchana tumekila ubavu!"

"Bwana, naomba hicho," Torquil alisema, akikigombania.

"Ndiyo kwanza maji yametunyanyua! Mna chochote cha kula huko?"

Dungu likalipuka kwa vicheko. Shangazi Senga ndiye hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Torquil," aliita. "Wewe ulikwamaje? Wewe mjinga, lakini si mjinga wa maji."

"Maji yalinikimbia, Shangazi. Yalikupwa kabla ya wakati. Sielewi."

"Na mimi yamenijia kabla ya wakati. Asubuhi ulitazama kalenda ya maji?"

"Ya bucha la Purdie, kama kila mtu. Nikaongeza saa moja."

"Na mimi nikaongeza saa moja."

Wakatazamana. Hapa lazima nikueleze, msomaji, kwa sababu jambo hili watu wa Portgarrow hunyonya na maziwa. Majira ya joto yakiingia, kama ilivyokuwa usiku wa kuamkia leo, nchi nzima husogeza saa mbele. Kalenda ya maji haisogezwi, kwa sababu bahari haina saa ya ukutani. Kwa hiyo mtoto wa Portgarrow, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, anajua: soma kalenda, ongeza saa moja. Haulizi. Mkono unaongeza wenyewe.

"Mwaka huu hamtakiwi kuongeza," Bi. Oakes alisema taratibu.

Shingo zote zikamgeukia.

"Mwenye bucha ameshaongeza mwenyewe, ili kutusaidia sisi wageni. Kaandika juu kabisa, kwa wino mwekundu. Mimi nilisoma tu kilichoandikwa. Ndicho nilichokuwa nakueleza asubuhi, binti yangu."

Ishbel alifunga macho. Kalenda hiyo ilikuwa imening'inia jikoni kwake tangu mwaka mpya. Hakuwahi kuusoma wino mwekundu. Nani husoma juu ya kalenda ya bucha? Mtu husoma tarakimu, anaongeza saa moja, anakwenda zake.

"Ngoja," alisema, akifumbua macho. "Kama sisi tumeongeza, na Torquil kaongeza, basi mji mzima..."

Bi. Oakes alikuwa ameshaielekeza darubini ufukweni. "Mna jukwaa lolote mlilojenga pale mchangani?"

"La kamati! La kutangazia mshindi!"

"Linaelea."

Darubini ilipita mkono kwa mkono kwa vigelegele. Viti vya wageni wa heshima vilikuwa vikiogelea kuelekea gatini. Wapiga zumari za mfuko walikuwa wanapanda ngazi za ufukweni mbio, sketi zao za mistari zimewagandia mapajani, bado wakipuliza. Na juu ya meza moja, katikati ya maji, alisimama Bwana Petrie mwenyekiti, kifua mbele, karatasi mkononi. Watu wazima wote wa kamati, waliozaliwa na kukulia pwani ile, waliongeza saa moja.

Ishbel alicheka hadi akashika ukuta. Torquil kule chini alikuwa ameinama juu ya usukani, mabega yakimtikisika. Kwa mara ya kwanza tangu ile ngoma ya shule, walicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na macho yao yakakutana, na Ishbel akayaondoa ya kwake upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

Torquil alifunga mashua yake kwenye mguu wa dungu. Skonzi zilizobaki zikateremshwa kwa ndoo, ndoo ikarudi na ndizi. Wimbo ukapokewa juu na chini. Sili wakaongezeka.

"Basi," Shangazi Senga alisema ghafla. "Nimeharibu."

"Umeharibu nini, Shangazi?"

"Kura." Mama yule alikuwa amekuwa mwekundu, na Ishbel hakuwahi kumwona na rangi yoyote. "Mkaguzi ni mimi."

Hata sili walitoa macho.

"Kamati walisema wanataka mtu asiyejua kusifu. Wakapiga kura, nikachaguliwa kwa sauti moja."

"Shangazi yake mwenyewe!" Torquil aliruka mashuani hadi wageni wakashikana. "Huu ni upendeleo! Huu ni undugu! Nitaandika barua! Mimi nimekaguliwa lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi sikuwa na mtu yeyote isipokuwa yule mama Mfaransa wa miwani myeusi, ambaye nilimpa..." Akakwama.

"Ulinipa kiti cha mbele na blanketi," Shangazi alisema. "Na ukanishika mkono kushuka. Adabu nzuri."

"Bado ni shangazi yake!"

"Mpumbavu wewe, kura nimekupa wewe!"

Torquil alifunga mdomo. Akaufungua. "Ah," alisema kwa unyenyekevu. "Basi huo ni uadilifu mkubwa sana."

Ishbel akajipenyeza hadi mbele ya shangazi yake. "Mimi je, Shangazi? Umeninyima mimi?"

"Mchana, kule kisiwani, nilimpigia Petrie simu. Mwanangu, nisamehe, lakini matembezi yako yalikuwa yanachosha. Mwaka wa ngome, kimo cha ngome, aliyekufa ngomeni. Nilisinzia nikiwa nimesimama." Akafuta pua kwa kiganja. "Hayo yalikuwa ya mchana. Lakini hapa, kwenye hili kabati la aibu, nimecheka. Mimi! Mara ya mwisho nilicheka kwenye harusi ya dada yangu, na ni kwa sababu bwana harusi alianguka. Hii ndiyo siku bora niliyowahi kuwapa wageni. Kura yangu naibadilisha."

"Ibadilishe!" dungu zima lilipiga kelele. "Mpigie simu!"

Shangazi akapiga. Akangoja. Akapiga tena. Bi. Oakes akainua darubini.

"Simu anaiweka wapi huyo mwenyekiti wenu?"

"Mfukoni mwa koti."

"Koti liko njiani kuelekea Ireland."

"Basi atangoja," alisema yule wa koti la njano. "Hawezi kutangaza akiwa juu ya meza."

"Humjui Petrie," Shangazi alijibu. "Akisema anatangaza, atatangaza akiwa mdomoni mwa nyangumi. Na akishatangaza ndiyo imetoka hiyo. Lazima nimfikie kabla meli haijapiga honi, nimwambie kwa mdomo wangu."

Moshi ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye bomba la meli kubwa.

Kila jicho likashuka polepole, kutoka kwenye moshi hadi kwenye trekta, ambalo sasa lilionekana paa tu, na kutoka kwenye trekta hadi kwenye mashua nyekundu iliyofungwa kwenye mguu wa dungu. Ilikuwa ndiyo mashua pekee iliyokuwa karibu. Na mwenye mashua ndiye mwenye ushindi mfukoni.

Ishbel akateremka ngazi hadi kidato cha mwisho. Kumwomba mtu akubebe ni kitu kimoja. Kumwomba abebe kura itakayomnyang'anya riziki yake ni kitu kingine kabisa.

"Torquil," alisema. "Sina haki ya kukuomba."

"Huna."

"Ukikaa hapa hapa ukanywa chai, umeshinda."

"Najua."

"Basi nakuomba."

Torquil alimtazama. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni, na bila utani Ishbel hakujua amwite nani. Kisha akafungua kamba.

"Pandeni," alisema. "Wote. Mama wa Leeds mbele, awasomee watu maji, kwa kuwa sisi wenyeji tumeshindwa."

Kelele zilizopigwa hapo zilimfanya kila sili azame. Watu wakamiminika ngazi chini, wa tope wakiwavuta wa maji, Shangazi akishuka wa mwisho na kulipiga dungu kofi la kwaheri. Ishbel alisimama karibu na usukani. Alitaka kusema asante, akacheka tu, na Torquil akacheka, na mashua ikang'oka.

"Kazi hiyo, kijana!" Shangazi alipiga kelele. "Moja kwa moja kwenye meza ya Petrie!"

Torquil akazungusha usukani. Mashua ikageuka taratibu, ikaupa Portgarrow mgongo, ikaelekeza pua yake bahari kuu.

Nyimbo zikakatika moja moja.

"Torquil!" Ishbel alimshika mkono. "Mji uko nyuma yetu!"

"Najua uliko," alijibu bila kugeuka, akaongeza mwendo.